Duara la Buluu Juu ya Mlango Wangu

Ndugu Mkuu wa Chuo cha Michoro,

Basi huyo wa tairi ndiye aliyenimaliza kabisa. Mtu kaja analiviringisha gurudumu la lori mpaka ndani, kalilaza juu ya sabuni zangu zinazokauka, ananiambia, "Mama, fanya haraka, nina safari." Nikamuuliza, "Baba, hapa umeona nini?" Akanyoosha kidole juu ya mlango. "Si umeandika mwenyewe?"

Sikuandika. Mimi kuandika sijui, hata barua hii anaiandika mjukuu wangu, mwanafunzi wako wa mwaka wa pili. Nasema, anaandika, na nimemwapisha asiongeze wala asipunguze, maana kupunguza ndiko kulikotufikisha hapa.

Mimi napika sabuni ya kufulia. Miaka yote juu ya mlango wangu palikuwa na kibao alichokichora marehemu mume wangu: neno SABUNI, mche wa sabuni, ndoo, mimi mwenyewe nacheka, na jogoo. Jogoo hakuwa na kazi yoyote pale, ila nafasi ilibaki na mume wangu hakupenda kumwaga rangi. Mwaka huu mkawapa watoto mradi: kila mmoja atafute mfanyabiashara amchoree kibao kipya, halafu aandike ukurasa wa aliyojifunza, na mfanyabiashara aweke dole gumba kwamba ameridhika. Bila dole, mtoto anarudia mwaka. Dole lenyewe ninalo mimi, Mkuu, na mpaka leo nimelikunja. Sababu hizi hapa.

1. Mwalimu wake. Hapa nyumbani tunamwita Bwana Ondoa. Mtoto alichora vizuri, akampelekea. "Ondoa jogoo." Haya, jogoo nikasamehe. Wiki ya pili, "Ondoa ndoo." Wiki ya tatu nikaondolewa mimi! Mume wangu tuligombana mara ngapi, tena magomvi ya kurushiana sufuria, na hakuwahi kunifuta pale juu. Wiki ya nne mche wa sabuni ukaenda, na neno lenyewe likaufuata. Eti macho ya mtu yapumzike. Mtu mwenye rundo la nguo chafu hataki kupumzisha macho, anataka sabuni. Kimebaki kibao cheupe pee, na duara moja la buluu katikati. Eti ndilo povu.

2. Povu hilo hakuna mtu anayeliona. Wa kwanza aliniuliza kama napima macho. Mama mmoja mjamzito kakaa kwenye benchi langu asubuhi nzima akingoja aitwe jina, nami nikaona haya kumwinua, alivyokuwa amechoka. Jirani yangu naye, huyo mdomo haumkai, akauliza fundi rangi atarudi lini, "maana naona kaanza katikati akaenda zake."

3. Fundi pancha wa pale kona, tuliyezeeka naye, amekuja juu. "Bibi wewe, na uzee huu unanipora wateja?" Nikamwambia, ndugu yangu, lile ni povu. Akainua kichwa, akakipinda huku, akakipinda huku. "Povu gani? Lile tairi. Hata saizi yake naijua."

4. Hili nimelisahau. Nimemwambia mjukuu apaache wazi. Bwana Ondoa atapapenda.

5. Huo ukurasa wa aliyojifunza. Alinisomea juzi nikipepeta majivu, nikakaa chini. "Nimejifunza kwamba mteja anahitaji kuelimishwa." Nielimishwe mimi! Sabuni nimeanza kuipika mama yake hajaota meno! Sasa kalamu imesimama, ananitazama. Andika, mama, andika na hilo. Mkuu, mtoto huyu simlaumu. Akishika brashi ulimi unachungulia pembeni mwa mdomo, babu yake mtupu. Yule jogoo aliyemchora mwanzo alikuwa na jicho la kukufuata mpaka jikoni, na ndiye wa kwanza kuondolewa. Nilimwona alivyomfuta. Hakulia, lakini wali hakula.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, Bwana Ondoa arudie mwaka yeye. Tena ajaribiwe kwa dawa yake: jina lililoko kwenye mlango wa ofisi yake liondolewe, liwekwe duara, tuone nani atampata. Likifaa, muondoe na majina ya madarasa, na la chuo getini. Na vyeti vya mwaka huu visiwe na jina la mtoto wala muhuri, duara tu, waajiri nao wapumzishe macho.

Wasalimie walimu wote, na mama wa usafi, na yule mlinzi wa getini aliyenipa kiti chake siku ile nilipokuja kugomba. Bwana Ondoa naye msalimie, ila zake ziwe fupi, ndivyo anavyopenda.

Ni mimi mpika sabuni,
(mahali pa dole pako wazi, na patabaki wazi)

N.B. Barua imechelewa siku nne kwa kukosa mtu wa kuipeleka, na mambo yamegeuka kidogo. Fundi pancha kachoka kubishana, kahamia na pampu yake barazani kwangu, maana ndiko wateja wanakokuja. Sasa mtu akishamaliza na tairi mikono inakuwaje? Kama kaa la jana. Anageuka, nyuma yake kuna nini? Miche ya sabuni. Mzigo wa mwezi mzima umekwisha, napika wa pili. Kwa hiyo kibao msikiguse, mtoto asirudie mwaka, na dole hili hapa nimeligandamiza. Nyeusi hiyo ni grisi, si wino.

Ila kwenye ukurasa wake aandike kweli: nilichora povu, watu wakaona tairi, bibi akapona kwa bahati. Asiseme alikusudia. Nasikia Bwana Ondoa ameshaanza kusema alikusudia. Na jogoo namtaka arudi, mdogo tu, pale pembeni, asimsumbue mtu.

Mwenye lori huyo anapiga honi, mikono imemchafuka. Lo, lile la nne nimelikumbuka! Mjukuu, andika upesi, la nne lilikuwa... Nakuja, baba, nakuja, usijifutie kwenye shuka langu!