Kuku wa Rumi wa Cherchell

Jumapili, 2 Juni

Leo historia imeanza! Bi Zhor, mwenyekiti wa chama cha kutembeza wageni hapa Cherchell, mji bora kuliko yote ya Aljeria, katangaza kwamba kiangazi hiki anataka kijana mmoja wa kuongoza watu magofuni. Mmoja tu. Atavaa kofia ya buluu ya chama. Tunaoitaka ni wawili: mimi, Nadhir, na binamu yangu Lotfi. Alhamisi linakuja basi la wageni. Kila mmoja wetu atawatembeza saa moja, kisha wenyewe wapige kura.

Lotfi anajua tarehe zote, wafalme wote, mpaka urefu wa nguzo. Masikini. Nani amewahi kupanda basi ili akasikilize tarehe? Mimi shule niliiacha mapema, lakini akili sikuiacha huko.

Kofia ni yangu. Nimeshapima kichwa kwa kamba.

Jumatatu, 3 Juni

Nimepata! Kwetu neno ni moja. Warumi, watu wa kale waliojenga haya magofu, tunawaita rumi. Kuku wa kisasa, yule mweupe wa mashine, naye ni rumi, maana kila kilicholetwa na wageni tunakiita hivyo. Kuku wa kienyeji ndiye arbi. Basi nitawaandalia wageni kuku wa rumi katikati ya magofu ya rumi. Nimedanganya? Hata kidogo! Kila mtu aelewe apendavyo.

Nilimwuliza Bi Zhor wageni wanatoka wapi. Kasema mbali, tena ni watu wazima waliosoma. Mbali, waliosoma: Ulaya hiyo! Nimeanza mazoezi ya kusema bonjorno, salamu ya Waitaliano, mbele ya kioo. Dada yangu Wassila kauliza kama jino linaniuma.

Jumanne, 4 Juni

Ami Hamdane, mchoma kuku wa sokoni, kakubali kunipa kuku watano nikimfagilia duka na kumsugulia oveni. Nimesugua mpaka nikajiona sura. Kauliza kuku wa nini. Nikamwambia ni mambo ya utalii, hataelewa. Akasema, "Wee Nadhir, ukiaibika, jina langu usilitaje." Mzee haoni mbali.

Mama naye kasema nikiwapa wageni kuku wa rumi badala ya kuskusi kwa kuku wa kienyeji, anahamia kwa dada yake mjini Blida.

Nimeandika bango kwa rangi nyekundu: KUKU WA RUMI, KAMA ALIYELIWA NA WAFALME. Herufi moja imegeuka. Haionekani sana.

Alhamisi, 6 Juni

Naandika mlango nimeufunga.

Lotfi alianza. Tarehe, tarehe, tarehe. Wageni wakaandika kwenye madaftari. Nilimwonea huruma. Zamu yangu ikafika. Nikapanda jiwe kubwa kwenye ukumbi wa kale, nikanyoosha mikono, nikasema bonjorno! Kisha bibi mmoja mwenye shali jeupe akanijibu kwa Kiarabu chetu hiki hiki, "Na wewe pia, mwanangu. Choo kiko wapi?"

Tlemcen! Wote walimu wastaafu kutoka Tlemcen, hapa hapa Aljeria! Watu wanaoitazama sahani kama hakimu anavyomtazama mwizi.

Mwingine angelikunja bango. Mimi sirudi nyuma. Nikalifunua, nikawatolea kuku.

Wakasoma. Mzee mmoja akaanza kutikisika mabega. Yule bibi, Hajati Yamina, kumbe anafuga kuku wake mwenyewe. Akachukua paja, akalivunja mfupa kwa vidole viwili, tik, kama biskuti. "Mwanangu," akasema, "Mrumi wako huyu hajatimiza hata siku arobaini." Mzee akauliza kama ndiye aliyesimamisha hizi nguzo. Mwingine akataka kujua kama Kaisari naye alichanjwa. Walicheka mpaka dereva akaja mbio kuona nani kaanguka.

Kura: Lotfi ishirini na mbili, mimi moja. Ya dereva. Alikula vidari vitatu, Mungu ambariki.

Lotfi kavaa kofia. Inampwaya. Hakunicheka hata kidogo, alinipa maji tu, na hilo ndilo limeniuma.

Ijumaa, 7 Juni

Baada ya sala Bi Zhor kaja nyumbani na kitabu kinene, zawadi kutoka kwa Hajati Yamina: historia ya mji wetu. Ndani kaandika kwamba sauti ninayo, sasa nitafute cha kusema. Bi Zhor kaongeza kwamba nikikisoma chote, Septemba atanijaribu tena. Nafasi ya pili! Niliguswa, wallahi, machozi yalikuwa karibu.

Nimekisoma. Yaani jalada, na picha zote. Ukurasa wa tisini kuna kichwa cha jiwe cha mfalme wetu wa kale, pua imevunjika. Nikamtazama sana. Nikaenda kwenye kioo, nikajitazama sana. Septemba ni mbali mno! Jumapili nasimama langoni, uso nimeugeuza upande, niwaambie wageni kwamba ile pua haikupotea. Nimeirithi mimi.