Makaye ya Tension

Désiré alikuwa amejipumzisha kwenye foleni ya hospitali, maana kivuli cha pale hakilipiwi, alipoona riziki ikipita mbele ya macho yake. Mama Ramla, muuza majani ya pondu, aliitwa kabla ya wote. Kwa wiki tatu alikuwa amepima tension yake, yaani presha ya damu, kwenye dispensari ya mtaani, asubuhi na jioni, akaandika yote kwenye kaye, daftari lake dogo. Daktari akasoma, wakajadiliana, akampunguzia vidonge. Tangu hapo, wenye kaye walitangulia.

Wafanyabiashara wakubwa nao walitaka kutangulia, ila kujipima kila siku kuliwachosha hata kabla hawajaanza. Désiré akawahurumia. Akaweka meza ng'ambo ya barabara, akanunua mashine mpya ya tension kwa ajili ya pambo, akaanza kuuza makaye yaliyokwisha kujazwa.

Baada ya siku chache Ramla akamfuata.

"Papa Désiré, namba zako zote zinafanana. Docta iko na macho."

"Bon, nifanye nini?"

"Niko na kaye ya kweli, ya miezi mitatu. Unipe ile mashini, unaiwekaka tu pa meza."

Désiré aliona huyu mama ni wa kudanganywa bila jasho, akampa mashine, akachukua kaye. Ndani ya kaye mlikuwa na tension, uzito, na safu ya tatu iliyoandikwa MAF: kumi, kumi na mbili, kumi na tano. Hakujua MAF ni nini, wala hakuuliza. Aliwanakilia wateja kumi na mmoja. Papa Apollinaire, tajiri wa saruji, alidai MAF ishirini, kwani hakuzoea kushindwa na mtu.

Jumatatu wateja wote walipanga foleni na makaye yao, na Désiré akasimama chini ya dirisha la daktari asikie kazi yake ikisifiwa. Daktari alisoma taratibu kaye ya Apollinaire, akauliza kama papa alijiandikia mwenyewe. Apollinaire akaapa mbele ya mkewe.

"Basi hongera, papa," daktari akasema. "MAF ni mara ambazo mtoto anacheza tumboni. Unazaa lini?"

Kaye ilikuwa ya Benie, mdogo wake Ramla, aliyejifungua mwezi uliopita.

Désiré hakungoja jibu. Alishuka mbio hadi mtoni, akarukia pirogi, mtumbwi wa kuvukia ng'ambo ya Lubunga. Katikati ya maji aligeuka: wanaume kumi na mmoja walikuwa ukingoni, kila mmoja na kaye yake, na yule mwenye tumbo kubwa alikuwa ameshaingia majini hadi magotini.

Ramla hakuwepo. Alikuwa kwake, mkono ndani ya kitambaa cha mashine, kalamu tayari, akingoja namba.