Makufuli Matatu kwa Kila Mlango

Jumatatu, 4 Machi
Nimejificha. Niko stoo kwa Shangazi Mdogo, nimelalia magunia ya mkaa, shati limeshabadilika rangi. Ofisini wanajua nimepanda basi la asubuhi kwenda kwenye mji mdogo alikozaliwa marehemu baba, kufanya utafiti wa majuma mawili. Sikupanda. Basi limeondoka nikiliangalia.

Nieleze kidogo, maana nikikamatwa nitasahau hata jina langu. Kiwanda cha makufuli kimeipa ofisi yetu kazi: tukieleze watu wa miji midogo wanafunga nini, kwa kufuli gani na kwa nini. Madam, mkuu wetu, kanichagua mimi. Ripoti ikiwa nzuri, mwisho wa mwezi naajiriwa moja kwa moja. Ikiwa mbovu, anaajiriwa kibarua mwenzangu tunayemwita Miwani. Nafasi ni moja. Mimi kibarua wa mwaka wa tatu, nakalia kiti cha plastiki. Miwani kaja juzi tu na tayari ana kiti cha magurudumu!

Sasa nikiondoka, Miwani anabaki na Madam majuma mawili. Atamletea chai. Atacheka kila Madam akisema kitu. Nani aondoke hapo? Na utafiti wenyewe una ugumu gani? Jiji hili lina watu wa kila pembe ya nchi. Ukilijua jiji, umeijua nchi, mengine ni kupoteza nauli. Nitawahoji wa hapa, kwenye ripoti nitabadilisha mahali. Mlango ni mlango.

Shangazi Mdogo nimemwambia mwenye nyumba wangu anapaka rangi. Akaniuliza rangi gani. Nikakimbilia stoo!

Jumanne, 5 Machi
Kazi imeanza vizuri. Nimehoji mtaa wa tatu kutoka hapa, nisije nikakutana na anayenijua. Fundi viatu: kufuli mbili na komeo. Muuza simu: tatu, na ufunguo analala nao kwenye soksi. Mama wa ghorofa ya pili kanihoji yeye mimi. Mimi nani, nimetumwa na nani, makufuli yake yananihusu nini. Kisha akanifungia mlango usoni. Nikasikiliza kwa makini: kufuli, komeo, mnyororo. Tatu. Yule mama ni mkali lakini katoa takwimu safi.

Hitimisho limekuja lenyewe. Makufuli matatu kwa kila mlango, nchi nzima.

Wasiwasi mmoja tu. Kule kwa kina baba milango ikoje? Nikamuuliza Shangazi Mdogo, kwa kuzungukazunguka, asishtuke. Aliondoka kule akiwa msichana. Kasema mlango wa kwao ulikuwa wa buluu. Akajifuta macho kwa ncha ya khanga, akaenda kuosha sufuria iliyokuwa safi. Sasa mimi buluu naiandika wapi?

Jumatano, 6 Machi
Nimeshindwa kuvumilia. Nimekwenda kumpeleleza Miwani. Kinyozi wa ng'ambo ya ofisi yetu ana kiti kinachotazama mlango wetu moja kwa moja. Nikakaa, nikafunikwa shuka, nikatoa macho.

Aliyetoka ni Miwani. Aliyevuka barabara ni Miwani. Aliyeingia kwa kinyozi na kukaa nyuma yangu ni Miwani! Nikajifunika taulo usoni. Kinyozi akaniuliza nanyolewa vipi. Ningejibu, sauti ingeniumbua. Nikatikisa kichwa. Akauliza, zote? Nikaitikia kwa kichwa.

Huku nyuma Miwani anamsimulia jamaa mwingine kwamba mimi nina bahati, kwamba hata yeye aliomba apelekwe kule akakataliwa, kwamba Madam ananitegemea. Nikaingiwa na wasiwasi maradufu. Mtu hasemi mazuri hivihivi, lazima kuna njama.

Nimetoka kipara. Shangazi Mdogo kanitazama na kuuliza kama mwenye nyumba anapaka rangi mpaka vichwa.

Ijumaa, 8 Machi
Madam katuma ujumbe: nimpigie mchana, anataka kusikia hali ya huko. Nikafikiria. Hali ya huko ina sauti gani? Jogoo! Nikaenda kwa muuza kuku wa sokoni, nikasimama katikati ya matenga, nikapiga.

Jogoo hawakuniangusha. Madam alifurahi, akasema anasikia kabisa kwamba nimefika. Nikaanza kutulia. Likapita gari la wagonjwa, king'ora kinalia. Madam akauliza ni nini hicho. Nikasema kule wana gari la wagonjwa moja, ndilo hilo. Likapita la pili. Nikasema limerudi.

Madam akasema sawa. Hiyo "sawa" haijanitoka kichwani tangu mchana. Ilikuwa "sawa" ya aina gani? Nimeitamka stoo mara nyingi, kwa namna zote, mpaka Shangazi Mdogo kagonga ukuta.

Muuza kuku naye kanifukuza. Hataki watu wa kuja kuongea na simu mbele ya kuku wake bila kununua.

Jumatatu, 11 Machi
Jana nimetuma ripoti ya awali. Nzuri mno! Jedwali, vichwa vya habari, makufuli matatu kwa kila mlango, na pendekezo kwamba kiwanda kitoe makubwa zaidi, yanayong'aa, ili kumtisha mwizi. Nimeongeza kwamba milango ya kule aghalabu ni ya buluu. Inaleta uhalisi.

Madam kajibu neno moja: Nimeona. Ameona nini? Sijala vizuri. Nikisikia pikipiki nje nadhani ni ofisi imekuja.

Jumanne, 12 Machi
Nimekwisha.

Asubuhi Madam kapiga. Sauti ya uchangamfu. Yuko kule! Ameshuka kwenye basi sasa hivi, ripoti imemshangaza, amekuja kuyaona hayo makufuli kwa macho yake. Niende nimpokee. Nilikodoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango.

Kisha akili ikafanya kazi, na hapo ndipo iliponiponza. Nikamwambia niko sokoni, katikati ya umati, watu ni wengi hatari, simsikii vizuri, tutapotezana bure, bora anisubiri mahali mpaka jioni. Jijini hapa jibu hilo halijawahi kuniangusha hata siku moja.

Madam akasema polepole kwamba na yeye yuko sokoni. Stendi na soko la kule ni uwanja mmoja. Soko hukaa Jumamosi tu, na leo ni Jumanne. Hapo uwanjani kuna mbuzi amelala na mama mmoja mtu mzima kwenye benchi. Na huyo mama anaomba simu.

Nikasikia simu ikikabidhiwa, kisha mtu akikohoa kidogo.

"Mwanangu," akasema, "uko soko gani?"

Shangazi Mkubwa. Dada yake baba, wa kwanza kuzaliwa. Sijamwona tangu tulipomzika baba, na simu nilikuwa nikiahidi kupiga. Kumbe ofisi iliandika barua kule kwamba mtafiti fulani anakuja. Karani kasoma jina, hakulifikisha hata kwenye faili, akaenda mbio kumwambia Shangazi kwamba mtoto wa kaka yake anakuja. Kule jina la mtu lina wenyewe. Tangu siku hiyo kila basi linapoingia yeye yuko pale benchi.

"Kitanda kimetandikwa tangu Jumatatu ile," akasema. "Nikajua basi limeharibika njiani. Si uzima?"

Nikasema uzima. Simu ikakatika, au niliikata mimi, sijui. Niliona haya peke yangu, stoo, mbele ya magunia.

Jioni Shangazi Mdogo akaingia bila kubisha. Dada yake alikuwa amempigia. Nilijiandaa kwa matusi, na matusi hayakuja. Akasema tu kwamba ningemwambia ninakotumwa, angefunga mzigo tukaenda wote. Akakaa juu ya gunia kwa muda mrefu, gauni lake jeupe likaharibika.

Alhamisi, 14 Machi
Nimeitwa ofisini. Madam amerudi, na kule alilala kwa Shangazi Mkubwa, kwenye kitanda nilichotandikiwa mimi. Kasema godoro ni zuri.

Kisha akanisomesha. Kule nyumba hazifungwi mchana, maana nje hakukosi mtu aliyekaa, na anayepita anajulikana ni nani na anakwenda wapi. Wanachofunga ni bomba la maji, banda la kuku na baiskeli. Vyote viko nje, vyote vinanyeshewa. Shida yao kubwa ni kutu. Haya makufuli makubwa yanayong'aa yanakufa kwa msimu mmoja wa mvua. Katika kurasa zangu zote neno kutu halimo. Buluu imo.

Nilitaka afoke. Hakufoka. "Ulikuwa na mtu wako kule," akasema, "nami nikakutuma nikijua utakwenda kwa furaha."

Nafasi kapewa Miwani. Anaondoka kesho kwenda kule kuurudia utafiti, atafikia kwa Shangazi Mkubwa. Kitanda changu! Alinifuata mlangoni, mpole kama kawaida yake, akaniuliza Shangazi anapenda zawadi gani. Nikasema sijui. Nikaenda mpaka barabarani kabla sijatambua kwamba ni kweli, sijui.

Jumatatu, 18 Machi
Sina kazi. Nimekaa siku nzima nikitafakari, na sioni aibu kuandika: nilikosea. Jiji moja halitoshi kuijua nchi. Nimekubali.

Kinachotosha ni Shangazi Mkubwa! Amekaa kule maisha yake yote, anamjua kila mtu, anajua basi linaingia saa ngapi na nani kashuka. Na ana simu. Sasa kuna haja gani ya mtu kusafiri? Naanzisha ofisi yangu mwenyewe ya utafiti. Nchi nzima, kwa simu, kutokea stoo. Madam atajuta.

Nimempigia hapo hapo kuanza kazi. Swali la kwanza: wananchi hunywa nini asubuhi. Akasema wananchi hawajui, yeye hunywa uji. Nikaandika: wananchi wote, uji. Nikamuuliza la pili, hakulijibu. Akasema kijana wa miwani ana adabu lakini hakuzaliwa humu, na akiondoka, Shangazi atafua mashuka, akitandike kitanda upya. Sasa mimi nakuja lini?

Nilikuwa nimelala chali juu ya magunia, viatu nimevua. Nikamwambia niko njiani.