Gemu ya Watu Ishirini na Mmoja

Jumatatu, 9 Juni 2025
Baridi ya kukata masikio hapa Chanji. Nimepita kwa Calvin, mwenye studio ya gemu za simu kama mimi. Ana wafanyakazi wanne! Mimi ninaye Coleta tu. Anaandika programu, anachora, anaweka sauti. Mimi ni Mkurugenzi. Jumamosi kuna maonyesho ukumbini. Gemu bora inapata mfadhili. Coleta anasema yetu, ya kupakia boti bandarini Kasanga, itakamilika mradi asisumbuliwe. Asisumbuliwe na nani? Akarudi kuchora.

Jumatano, 11 Juni
Jibu la kumaliza gemu upesi nimelipata! Mama hulimaliza shamba zima siku moja. Anapika pombe ya ulezi, anaita majirani, kila mtu analima ngwe yake, jioni wanakunywa. Gemu ni nini mbele ya shamba? Kuna pombe ameipika ya watu wa kupukuchua mahindi, inaiva kesho. Nimeihamishia studio. Kimyakimya. Coleta nimemwambia anapata wenzake ishirini. Ameshika kichwa kwa mikono miwili. Furaha hiyo.

Alhamisi, 12 Juni
Majirani wamekuja na fimbo na magunia, wakidhani ni mahindi! Nimewaelewesha. Nikagawa ngwe. Mama Fransiska mawimbi, Nyanda mfugaji boti. Nyanda akasema boti bila ng'ombe ni umaskini. Coleta akaweka ng'ombe mmoja, yaishe. Hayakuisha. Kila mtu akadai mifugo yake. Kufika saa saba boti inazama kabla ya kuondoka. Mzee Yohanes naye akataka iende Wampembe, kwa shemeji zake. Kikao. Kura. Kura ya pili. Pombe ikaisha, na timu ikaisha. Coleta akanipa shikamoo, akaacha kazi, akabeba kompyuta. Kumbe ni yake!

Ijumaa, 13 Juni
Mama kagundua. Kanikabidhi fimbo, kasema pombe ni yangu na mahindi ni yangu. Nimepiga magunia ya mahindi peke yangu kutwa nzima. Mkurugenzi! Calvin kapita, kauliza kama ni gemu mpya. Mshenzi.

Jumamosi, 14 Juni
Coleta ameshinda. Peke yake! Kaimalizia sebuleni kwa shangazi yake, na boti haizami. Mfadhili kamwuliza timu yake ni watu wangapi. Kajibu: mmoja. Ukumbi mzima makofi. Machozi yalinitoka, sikatai. Jukwaa lile nililitaka mimi. Calvin kakosa, angalau.

Njia nzima ya kurudi nimewaza, na hatimaye kosa langu nimeliona. Hesabu ni nyepesi. Mtu mmoja kamaliza kwa siku moja na nusu. Basi watu arobaini wangemaliza kabla ya chai ya asubuhi. Alhamisi shida yetu ilikuwa moja tu. Tulikuwa wachache mno.