Mama Kona Alivyomshusha Bei Fundi wa Redio

Sogeeni, enyi mlioketi na mlio wima, enyi wenye haraka na msio na haraka; wekeni chini mwiko, punguzeni moto chungu kisiungue, mpate kusikia habari za vita vilivyopiganwa mchana kweupe katika kibanda cha mabati kando ya barabara kuu, vita visivyomwaga damu wala chai, ambavyo shujaa wake alikuwa mjane mmoja mwenye goti bovu, na silaha yake redio iliyofungwa kwenye shuka kuukuu. Anayetaka visa vya simba na aende kwingine. Hapa hakuna simba. Hapa kuna bei.

Jina alilopewa na madereva wa malori lilikuwa Mama Kona, kwa kuwa nyumba yake ilisimama juu ya ile kona mbaya kuliko zote za mteremko, na kwa kuwa juu ya kabati lake ilikaa redio ya upepo, ile ya kusema na kusikia ambayo madereva hupeana habari za njia. Aliiweka pale mumewe, marehemu Mzee Breki, naye mzee alipotangulia mbele ya haki, mjane hakuichomoa. Kila alasiri aliketi mbele yake kama malkia mbele ya baraza, akabonyeza kipaza sauti, akatoa amri zake: kona nyeupe, shukeni, kona ina ukungu, ngojeni, kona ina ng'ombe, Mungu awape subira. Na wanaume wenye mikono kama magogo wakaitika huko waliko, "Sawa, mama."

Sasa tazameni msiba ulioufika ufalme huo. Tangu juzi redio ilikuwa kimya. Taa yake ndogo iliwaka, lakini haikukoroma wala kukohoa. Na usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilinyesha ya kufa mtu, ukingo ukaporomoka, tope likalala nusu ya barabara papo hapo konani. Watu wa barabara walikwisha kuweka matawi ya kuonya, lakini matawi yale dereva huyaona akiwa ameshayafikia. Simu katika mteremko ule hazishiki. Na alasiri hiyo hiyo angeshuka kitinda mimba wa Mama Kona, ambaye barabarani huitwa Kijiko, akiwa na lori lililojaa saruji, safari yake ya kwanza bila dereva mkubwa pembeni.

Basi Mama Kona akainuka. Alisali kwanza, maana hakuwa mtu wa kutoka nyumbani bila kumuaga Mwenye nyumba zote. Kisha akavaa viatu vya kuendea ibadani, akafungua kopo lililokuwa na akiba ya bati jipya la jikoni, akayatazama matundu ya paa, nayo yakamtazama, akayaambia yasubiri. Akaipakata redio kama mtoto mwenye homa, akashuka hadi madukani, goti likilia kila hatua kama tarumbeta ya jeshi dogo.

Adui alikuwa ameketi ngomeni mwake. Watu walimwita Fundi Miwani, kwa kuwa alivaa miwani mbili, moja machoni na nyingine utosini, na aliyemuuliza sababu hakujibiwa. Kumzunguka zililala redio zilizotolewa utumbo. Juu ya kichwa chake kilining'inia kipande cha boksi kilichoandikwa kwa makapeni, ile kalamu nene ya wino: kuangalia, elfu tano; kutyuni, elfu thelathini; kufungua na kutengeneza, elfu arobaini. Kwenye benchi alikuwapo kinyozi wa kibanda cha pili, aliyekuja asubuhi kuazima bisibisi na akasahau kuondoka.

Mtu mwenye akili iliyotulia angelisoma boksi lile kuanzia juu. Shujaa wetu hakuwa na akili iliyotulia. Alikuwa na mkakati. Njia nzima alikuwa akijihubiria kwamba bei iliyoandikwa ni kelele tu za adui, na kwamba fundi akishakuzoea kwa pesa ndogo ndogo, anakumaliza.

Fundi akainuka, akamwamkia kwa adabu, akanyoosha mikono aipokee redio, akasema ngoja aiangalie kwanza.

Hapo Mama Kona akaivuta redio kifuani, akasimama sawasawa juu ya goti lile zima, akanena kwa sauti ile ile ya kusimamishia malori:

"Huangalii kitu, mwanangu. Ukiangalia utanilipisha kuangalia. Ukifungua utanilipisha kufungua, na siku ya kufunga utanilipisha kufunga. Nimeishi na redio hii wewe hujaota hata ndevu. Imekufa ndani, tumboni, mimi naijua. Nitajie bei moja ya kuifufua, tangu mwanzo hadi mwisho, tupatane mbele ya shahidi huyu, na neno likishatoka lisirudi mdomoni."

Kinyozi, kusikia ameitwa shahidi, akaketi wima na kujifuta nywele za watu magotini.

Fundi alijaribu kueleza kwamba hawezi kutaja dawa ya ugonjwa asioujua. Akaambiwa kuwa kama haujui, basi afunge kibanda akalale. Ndipo kwa unyonge akaelekeza kidole kwenye boksi, mstari wa mwisho: arobaini.

Mapambano yakaanza. Mama Kona alishambulia kwa ujane. Fundi akajikinga kwa bei ya vipuri. Mama Kona akarusha matundu ya jikoni. Fundi akarusha kodi ya kibanda. Mama Kona akamwita marehemu Mzee Breki mwenyewe kutoka alikolala, aliyepata kuwavuta bure matopeni nusu ya watu wa mji huu, na fundi akayumba, kwa sababu mmoja wao alikuwa baba yake mdogo. Kinyozi naye hakukaa kimya. Alisema fundi ampunguzie mama wa watu, na kabla mate hayajamkauka akasema lakini mama, na yeye anakula. Akawa shahidi wa haki kabisa, asiyekuwa upande wowote na asiyemfaa yeyote. Thelathini na tano. Thelathini. Hapo ngome ikakaza, haikusogea tena.

Kisha Mama Kona akaziweka silaha chini. Akaketi benchini, redio mapajani, akasema kama mtu anayeongea na shuka.

"Mwanangu anashuka leo na saruji. Kona imekatika. Sina njia nyingine ya kumwambia."

Fundi akavua miwani ya machoni, akashusha ile ya utosini.

"Ishirini, mama," akasema. "Na unaondoka nayo leo."

Nusu! Moyoni mwa Mama Kona ngoma zililia, farasi wakakimbia, bendera zikapanda. Akahesabu noti moja moja juu ya meza, polepole, ili hata wapita njia washuhudie jinsi jitu linavyoangushwa. Tukio kama hilo, alijiambia, halijapata kuonekana tangu mafundi waumbwe.

Fundi akachomeka redio kwenye waya wa paa lake. Hakugusa bisibisi. Kidole chake kilikwenda moja kwa moja kwenye kitufe kidogo cha mviringo, cha pembeni, akakizungusha kushoto, taratibu. Redio ikachakacha kama mafuta yaliyotiwa kitunguu, na ndani ya mchakacho ule sauti nzito ya dereva ikasikika ikiuliza wenzake, "Jamani, Mama Kona yuko wapi? Yu mzima kweli?"

Fundi akakiachia kitufe.

"Mama," fundi akauliza kwa upole, "nani alikizungusha hiki mpaka mwisho?"

Akamweleza kwamba kitufe kile hunyamazisha mchakacho, na ukikifikisha mwisho huwanyamazisha na watu. Mama Kona hakuhitaji maelezo marefu. Alimkumbuka aliyekizungusha, alikuwa amevaa viatu vya Mama Kona mwenyewe. Ilikuwa juzi, katikati ya sala, ile fshhh, fshhh ikiingia kati yake na Mola wake. Mzee Breki, enzi za uhai wake, alimwambia kitufe kile asikiguse, ila hakumwambia kwa nini, naye akakigusa. Redio ikanyamaza. Akaisifu kwamba hatimaye imepata adabu, akaendelea na sala, akasahau.

Kinyozi akainua macho kwenye boksi, akasoma kwa sauti, bila ubaya wowote, kama mtu anayejikumbusha herufi: "Kuangalia, elfu tano."

Naam. Shujaa wetu, kwa ufasaha wake, kwa ujane wake, kwa kumwamsha marehemu, alikuwa amepigana kufa na kupona akashinda, na ushindi wenyewe ulikuwa kulipa ishirini kwa kazi ya tano.

Fundi akazisukuma noti za elfu kumi na tano zirudi kwa mwenyewe. Mama Kona akazitazama. Akilini aliliona lile bati jipya, lenye migongo yake inayong'aa. Akazirudisha.

"Nilisema neno lisirudi mdomoni. Shahidi yupo."

"Na mimi sili pesa ambayo sijaitolea jasho," fundi akajibu, akashika bisibisi. "Basi kaa hapo. Naityuni, ifike mbali."

Akaifungua. Akakaza hapa, akalegeza pale, jicho kwenye mshale wa kipimo, akilaumu chini chini aliyeitazama mara ya mwisho, ambaye alikuwa Mzee Breki kwa kisu cha mezani. Kinyozi wakati huo alijumlisha kwa vidole: tano ya kuangalia, thelathini ya kutyuni, kwa ishirini tu. Akatoka nje akaitangazia barabara kwamba mama huyu ni hatari.

Alasiri Mama Kona aliketi mbele ya kabati lake, kipaza sauti mkononi. Zamani sauti ya dereva redioni haikumfikia hadi lori liwe limeanza kushuka. Siku hiyo sauti ya Kijiko ilimfikia akiwa bado juu kabisa, kule kwenye tambarare.

"Mama, unanipata?"

"Nakupata, baba. Kona imekatika, upande wa ukingo ni tope tupu. Shuka na gia ndogo, kumbatia mlima, usimpishe mtu yeyote."

"Sawa, mama. Sauti yako leo kubwa, umenunua nyingine?"

"Nimemshusha fundi nusu bei," akasema Mama Kona. Haukuwa uongo. Ulikuwa ukweli uliovuliwa viatu.

Akalisikia lori likinguruma polepole chini ya dirisha lake, polepole kama mzee anayeshuka ngazi, likapita matawi, likapita tope, likapiga honi.

Basi wajue wajukuu na vitukuu, na wakumbuke wafanyabiashara wote wenye maboksi ya makapeni, kwamba palikuwa na mwanamke aliyekwenda kupigana na bei akarudi mshindi, ingawa njia uliyopitia ushindi huo hakuichagua yeye. Kitufe kile alikibandika plasta ya vidonda, kisiguswe tena. Na magharibi ilipoingia akapiga magoti, lile bovu likilia, redio ikichakacha juu ya kabati, akamshukuru Mungu wake kwa sauti ya juu kidogo.