Shingo ya Mshale

Habari yenyewe ilikuwa na mistari sita tu gazetini: bingwa wa mbio za baiskeli kashinda kwa upana wa tairi, na siri yake, kasema, ni kubadili shingo. Si yake, ya baiskeli. Kile kipande kinachoshika usukani. Mistari sita, na asubuhi yetu yote ikaharibika.

Maana Mshale alikuwa ameshaisoma. Alifika kwenye benchi letu, nje ya karakana ya Fundi, kakumbatia kikasha kama baba anayetoka wodi ya wazazi.

"Nyepesi kuliko zote dukani," alisema. "Nilipimisha moja moja."

"Tundu lake ulipima?" Fundi aliuliza.

"Jumapili sishindani kwa matundu, Fundi."

Jumapili alikuwa anashindana na shemeji yake. Mwaka jana shemeji alimwacha nyuma, wakwe wakitazama, na safari hii wamewekeana dau: atakayeshinda ndiye aitwe Mshale. Jina hilo alijipa mwenyewe, sisi tukalizoea tu, kama mtu anavyozoea redio ya jirani.

Sonara, mwenye duka la vito mlango wa pili, alileta mizani yake ya dhahabu. Shingo ya zamani, gramu mia na arobaini na nane. Mpya, tisini na moja.

"Hamsini na saba zimeondoka," Mshale alisema, akitutazama mmoja mmoja kama anayetugawia urithi.

"Hizo ni hereni za bibi harusi," Sonara alisema. "Umepunguza hereni. Shemeji wa watu atalia."

"Nyinyi hamjui sayansi."

"Tunakujua wewe," nikamwambia. "Mwaka jana ulisema ni upepo."

"Ulikuwa unavuma usoni."

"Shemeji yako yeye alikuwa na upepo wake wa nyumbani?"

Fundi hakucheka. Alikuwa ameipachika shingo, na usukani ulicheza ndani yake kama kijiko kwenye kikombe.

"Hii ni ya usukani mnene. Wako mwembamba."

"Kaza."

"Nikikaza itapasuka. Kwenye mteremko wewe utaenda kushoto, usukani utaenda kulia, baiskeli itafika Jumatatu. Irudishe dukani."

"Nimeshawatangazia wakwe."

Hapo Fundi alishusha pumzi ndefu. Akakata kipande cha bomba la chuma, akakipasua, akakipiga tupa, akakivisha usukani kama soksi. Skrubu za shingo mpya, laini kama nta, akazitupa, akaweka za chuma. Usukani ukatulia. Mshale akatabasamu.

"Tupime tena," Sonara alisema.

"Ya nini?"

"Sayansi."

Fundi akafungua kila kitu, akakirundika kwenye mizani: shingo, soksi, skrubu. Mia na hamsini na moja.

Sonara alisoma mara mbili. "Hereni zimerudi," alisema, "na zimekuja na kipini cha pua."

Mshale aliitazama mizani kama imemtukana mama yake. "Uzito wa mbele unasaidia kwenye mteremko," alisema, lakini kwa sauti ya mtu anayejiombea ruhusa.

"Mpe shemeji jina lake leo," nikamwambia, "tupumzike Jumapili."

"Halafu mimi mtaniita nani?"

Sonara alikunja mizani yake, akainuka kwenda kufungua duka.

"Upinde," alisema. "Mshale ukishaondoka, si ndicho kinachobaki?"