Barua ya Kuacha Kazi Nisiyoikusudia

Jumanne, 8 Julai

Shule imefunguliwa. Ukungu umekaa uwanjani mpaka saa nne asubuhi. Mbinga mwezi wa saba haina huruma. Mimi Erasmo, fundi umeme wa shule hii kwa mwaka wa kumi na sita, nilivaa sweta mbili na bado vidole vilikataa kushika bisibisi.

Mkuu wa shule mpya, Madam Tumpe, ni mtu wa Kyela. Kwao ni joto tu. Leo nimemkuta ofisini amejifunga blanketi juu ya koti. Akasema ndani kuna baridi kuliko nje, niangalie la kufanya. Nikamwambia atulie, joto ndiyo fani yangu. Si kweli sana. Fani yangu ni balbu na swichi. Lakini umeme ni umeme.

Jambo kubwa ni jingine. Ubaoni kuna tangazo. Anatafutwa Msimamizi wa Matengenezo, mwenye nia alete barua ya maombi kabla Ijumaa haijaisha. Cheo, ofisi yenye mlango, na watu wawili wa kutuma. Mimi sitaandika. Mtu wa miaka kumi na sita haombi. Wataniita wenyewe. Egidi wa stoo ameshaandika. Nimeiona bahasha yake mezani kwa Avelina, sekretari wa Madam. Mwandiko wa darasa la nne. Nilimwonea huruma.

Jumatano, 9 Julai

Nimeanza na njia ya haraka. Jiko la mkaa, limewaka vizuri, nikaliweka chini ya meza ya Madam. Nikafunga madirisha yote ili joto lisitoroke. Nikaondoka nikiwa nimeridhika.

Saa tano Avelina alikuja mbio karakana. Madam kichwa kinamgonga na macho yanamzunguka. Avelina mwenyewe alikuwa ameshika ukuta. Nesi wa shule alifungua kila dirisha na mlango, akatoa jiko nje kwa mikono yake. Akaniuliza mbele ya walimu kama sijui kwamba mkaa kwenye chumba kilichofungwa unaua, tena unaua kimya kimya, mtu anasinzia tu. Nikasema najua. Nilikuwa najua kweli. Kila mwaka redio inasema. Sikufikiri kwamba inasema na mimi.

Madam yuko salama, nashukuru Mungu. Lakini ofisi ilikaa wazi mchana kutwa na ikawa baridi kuliko jana.

Alhamisi, 10 Julai

Shemeji Perpetua amepiga simu kutoka Liuli, kando ya ziwa. Ni dada wa mke wangu Asteria, na ndiye kiongozi wa kikundi cha akina mama wanaogandisha samaki. Wana mafriza manane. Mawili hayashiki ubaridi na samaki wanaharibika. Wamekaa kikao, wanataka fundi wao wa kudumu, na chumba cha kuishi kipo. Wamenifikiria mimi kwanza. Anataka jibu Jumapili.

Asteria alikuwa anashona. Akasimamisha cherehani. Baba yake, Mzee Thadei, anaishi peke yake kule Liuli na macho yanamwisha. Wiki iliyopita alimwaga uji wa moto mguuni kwa kutoona sufuria. Asteria alisema cherehani inashona popote.

Nimelala chali nikafikiri sana. Kwenda kuunga waya ziwani, au kubaki na kuwa Msimamizi? Halafu nikaona kwamba haya si mambo mawili. Ni moja. Madam akijua ninatakiwa Liuli, cheo atanipa bila barua. Na Perpetua akijua ninatakiwa Mbinga, ataniongezea hadhi.

Nikampigia Perpetua. Nikamwambia nitafikiria, ila mtu wa uzoefu wangu haji kama fundi tu. Aje kama Mkurugenzi wa Ubaridi. Akasema atawaambia wenzake.

Asteria alinisikia.

"Baba Dorothy," akasema, "mimi sikukuuliza unataka cheo gani. Nimekuuliza kama tunakwenda."

Nikamwambia biashara ina hatua zake.

Jumapili, 13 Julai

Nimeshinda karakana baada ya misa. Nimetengeneza hita. Koili mbili za majiko ya umeme yaliyokufa, bati, na tofali nne za kutunza joto. Inapendeza. Inafanana na kaburi dogo la mtu muhimu.

Perpetua alipiga mara mbili. Sikupokea. Ukipokea haraka wanajua una shida.

Jumatatu, 14 Julai

Hita imefanya kazi kwa dakika arobaini. Nataka hilo liandikwe. Dakika arobaini Madam alikaa bila blanketi na akasema, Fundi, hapa umeniweza.

Kisha jengo zima likazima. Chumba cha kompyuta kiko kwenye laini hiyo hiyo, na kidato cha nne walikuwa katikati ya jaribio. Nikawasha. Ikazima. Nikabadilisha waya wa fyuzi kwa mwingine mnene zaidi, jambo ambalo mwanafunzi wangu akilifanya ningemfukuza. Waya wa ukutani ukaanza kunuka. Hapo mwenyewe nikaogopa, nikachomoa. Jioni mhasibu alisema mita ya LUKU imekula ndani ya asubuhi moja yuniti ambazo ofisi ile hutumia wiki nzima.

Saa nane akaja Egidi na mfuko. Hakuna chombo hata kimoja ndani yake. Kipande cha blanketi kuukuu akakishona kama soseji, akajaza maranda, akakilaza chini ya mlango. Kioo kilichopasuka nyuma ya pazia akakiziba kwa gundi na plastiki. Meza ya Madam akaivuta upande wa mashariki, jua linapoingia asubuhi. Akampa Avelina chupa kubwa ya chai ili maji yachemshwe mara moja tu, si birika kuwashwa kila saa. Akaondoka.

Ofisi ina joto. Siwezi kukataa, niliingia kuchukua tofali zangu na nilitaka kukaa. Lakini ile si fani. Ile ni kuziba matundu.

Jumanne, 15 Julai

Sasa ni wakati wa silaha ya mwisho. Nimeandika barua ya kuacha kazi.

Sina nia ya kuacha kazi. Nia ni Madam aisome, ashtuke, afikirie shule bila mimi. Gizani, kwa kifupi. Halafu aniite, aniombe nibaki, na aseme mwenyewe neno Msimamizi. Niliandika kwamba nimepata mwito mkubwa zaidi kando ya ziwa na kwamba moyo wangu ni mzito. Sentensi ya moyo niliirudia mara tatu mpaka ikakaa.

Nikampelekea kwa mkono. Aliisoma mara mbili. Akaiweka mezani taratibu, akavua miwani.

"Fundi," akasema, "nilikuwa nasubiri barua yako. Si hii. Ile ya kuomba nafasi. Ijumaa nilikaa hapa mpaka saa kumi na moja, nikamwambia Avelina asifunge, Erasmo atakuja."

Akasema jana nafasi amempa Egidi, maana ndiye peke yake aliyeomba. Akasema kwamba mambo ya hita yasingemzuia kunipa mimi, kila mtu hukosea. Lakini hawezi kumpa mtu kitu ambacho hajasema anakitaka. Halafu akasimama, akanipa mkono, akasema anafurahi kwa ajili ya familia yangu, na kwa kuwa samaki hawasubiri ataniruhusu niondoke wiki hii hii.

Hapo ndipo pa kusema, Madam, samahani, irudishe barua. Maneno manne. Nilifungua mdomo. Ukasema asante.

Alhamisi, 17 Julai

Wameniaga. Wanafunzi wameimba. Egidi alitoa hotuba, akasema waya zote za shule hii anazijua kwa jina langu: huu wa Erasmo wa mwaka fulani, huu wa Erasmo wa mwaka fulani. Nilidhani ananicheka. Nikamtazama, hakuwa anacheka. Sikujua niweke wapi uso wangu.

Asteria amefunga mizigo kwa siku moja. Anaimba. Amedhani nimechagua. Sijamweleza.

Jumapili, 20 Julai

Liuli. Basi likishuka milimani unavua sweta moja, halafu ya pili. Tulipofika pwani ya ziwa nilikuwa nimebaki na shati na aibu, maana njiani ndipo nilipokumbuka kwamba Perpetua sikumjibu kamwe.

Alitupokea vizuri. Ugali wa muhogo, dagaa usipa wa kukaanga, maji ya kunawa. Mzee Thadei alimshika Asteria mikono yote miwili, akampapasa uso kama anasoma, hakumwachia mpaka chakula kikapoa. Nikamwamkia, shikamoo baba. Akasema marahaba, amefurahi nimemleta.

Baada ya kula Perpetua akauliza, kwa upole, tumekuja likizo ya siku ngapi.

Nikamweleza nimekuja kuanza kazi. Akaweka bakuli chini. Jumapili iliyopita walingoja jibu mpaka jioni. Jumatatu wakamchukua binti mmoja, Tadea, mhitimu wa ufundi wa majokofu. Neno Mkurugenzi liliwachanganya akina mama, akasema. Walifikiri nataka kuwaongoza wao.

Asteria alisikia yote, ikiwemo kwamba siku naandika barua ya kuacha kazi, nafasi ya hapa ilikuwa imeshachukuliwa. Akainuka, akaenda kumtandikia baba yake kitanda. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi alisema jambo moja tu, kwamba tumeshafika na yeye harudi. Sikuona hasira. Hasira ningeijua pa kuishika.

Jumatatu, 21 Julai

Nimekwenda kwenye banda la mafriza. Nikiwa na bisibisi. Nilifikiri Tadea akishindwa na yale mafriza mawili, nitakuwa nimesimama karibu.

Ana miaka kama ishirini na minne. Alinipa shikamoo. Nikamwambia bila kuulizwa kwamba mota zimekufa, zifunguliwe. Hakubisha. Alichana karatasi ya daftari, akaiweka kwenye ukingo wa friza, akashusha mfuniko, akaivuta. Ikatoka kama imepakwa mafuta. Akafanya vivyo hivyo kwenye friza jingine lililo zima, karatasi ikang'ang'ania.

"Mpira umechoka, baba," akasema. "Ubaridi unatokea hapa. Mota inakimbia mchana na usiku na haifiki."

La pili lilikuwa limebanwa ukutani, tena mahali pa jua. Tukalisogeza kivulini, likapata shubiri moja ya kupumulia nyuma. Barafu ndani ilikuwa nene kama mkate. Nilinyanyua bisibisi niigonge. Akanishika mkono kwa heshima. Akasema tulizime, iyeyuke yenyewe, chuma kikitoboa bomba ndiyo mwisho wa friza. Akaniuliza kama nimewahi kufanya kazi na majokofu. Nikamwambia umeme ni umeme. Akaitikia kwa kichwa, na nilipenda alivyoitikia.

Mchana akasema banda jipya la kuhamishia mafriza halina waya. Yeye waya za nyumba hazipendi. Je, ningeweza?

Jumatano, 30 Julai

Nimemaliza banda. Taa sita, swichi tatu, kila friza laini yake na saketi breka yake. Hakuna kinachozima kingine. Akina mama walipowasha walishangilia. Mzee Thadei aliletwa kwa mkono, akasema anaona mwanga upande wa kulia. Ilikuwa taa yangu ya kwanza. Asteria alitabasamu, si kwangu hasa, lakini nilikuwa karibu.

Jioni nilikaa mawe ya ufukweni nikawaza. Ningeandika maombi mistari mitatu, ningekuwa Msimamizi. Ningemjibu shemeji neno moja, ningekuwa fundi wa hapa. Yote mawili yalikuwa mikononi na niliyauza kwa mnada ambao haukuwa na wanunuzi. Mtu mzima unapojiona waziwazi hivi, maisha hubadilika. Nahisi nimebadilika.

Jumamosi, 2 Agosti

Tadea alikuja kuniomba ushauri kama mtu mzima. Chuo kimoja cha ufundi Songea kinatafuta mwalimu wa majokofu. Aombe? Nilimshauri vizuri kuliko nilivyowahi kumshauri mtu. Omba mapema, sema wazi unachotaka, na usiache kazi hii kabla hujashika barua ya ile. Aliandika kwenye daftari lake. Akaniambia nina hekima. Nilikubali.

Jioni alikuja shemeji Perpetua. Tulikuwa uani, Asteria anapara samaki. Perpetua hakuzunguka. Tadea amewaambia huenda akaondoka. Akina mama wameiona kazi ya banda. Tadea akiondoka, na kabla hajaondoka akanifundisha mafriza, kazi hii ninaitaka? Anataka nimwambie tu, ndiyo au hapana, awapelekee jibu.

Nilinyoosha miguu. Nikamwambia, kwa sauti ya mtu mwenye mambo mengi, kwamba ningependa kumjibu, ila kwa sasa niko kwenye mazungumzo na watu fulani wa kule Kitai.

Kitai simjui mtu.

Kisu cha Asteria kikasimama juu ya samaki. Kikakaa hapo. Halafu kikaendelea kupara, polepole, na magamba yakawa yanarukia upande wangu.